Vimeng'enya, jinzi na pamba ya Bt: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bayoteknolojia kwenye nguo ni jambo jipya la maabara.
Si kweli. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, hupakwa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike, na wanga huo usipotolewa, rangi haishiki vizuri. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vimeutoa kwa amilasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kuvunjwa kwa kitu fulani) cha jamii ileile iliyomo kwenye mate yetu. Njia nyingine ilikuwa asidi, ambayo ikizidi hula na pamba yenyewe.

Dhana: Jinzi iliyopauka imesuguliwa kwa mawe.
Zamani ndiyo. Mawe mepesi ya volkano yalizungushwa pamoja na suruali ndani ya mashine. Yakachubua kitambaa, yakala ngoma ya mashine, yakaacha mchanga mifukoni na tope kwenye mifereji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaingia selulasi, kimeng'enya kinachomega selulosi, yaani kitu kinachojenga nyuzi za pamba. Indigo, rangi ya buluu ya jinzi, haizami hadi kiini cha uzi, hukaa juujuu. Selulasi humega nyuzinyuzi za juu kabisa, na indigo hutoka nazo. Ufundi uko kwenye kuisimamisha: fundi akichelewa kupandisha joto au kubadili ukali wa maji, inaendelea kula mpaka suruali inapoteza nguvu. Viwanda vingine bado huchanganya kimeng'enya na mawe machache.

Na hili lisemwe wazi: selulasi haisafishi maji machafu. Indigo iliyotoka kwenye suruali bado imo majini, na kiwanda kisichoyasafisha kinaumiza mto, hata kikijitangaza kuwa rafiki wa mazingira.

Dhana: Shati la pamba ya Bt lina sumu.
Pamba ya Bt ni pamba iliyotiwa jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis ili itengeneze protini inayoua viwavi. Lakini uzi wa pamba karibu wote ni selulosi. Protini ya Bt hufanya kazi ndani ya utumbo wa kiwavi anayetafuna mmea, na pamba huchemshwa kwa kemikali kali na kupaushwa kabla ya kuwa shati.

Dhana: Mkulima wa Bt hahitaji dawa tena.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa gharama yake humwangukia mkulima. Kenya iliidhinisha kilimo cha pamba hii Desemba 2019. Mbegu humlinda dhidi ya funza wa vitumba. Vidukari na wadudu wengine wafyonzao hawaguswi, kwa hiyo shamba lazima likaguliwe. Wala mavuno si kila kitu. Burkina Faso ilianza kuilima kibiashara mwaka 2008, wakulima wakaipenda, lakini kampuni za pamba zikalalamikia nyuzi fupi zilizoshusha thamani yake sokoni. Mwaka 2016 nchi hiyo ikarudia mbegu za kawaida.