Harambee Stars: rekodi ya miaka 100 na yale isiyosema

Swali tunaloulizwa zaidi na wanafunzi na mashabiki wa Nairobi ni moja: kwa nini Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, nchi inayopenda mpira namna hii, haijawahi kucheza Kombe la Dunia, na kwa nini hata kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) hatujawahi kuvuka makundi? Wengi huja na jibu lao tayari. Eti hatuna vipaji, sisi ni watu wa riadha. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za michezo, na kumbukumbu hizo hazikubaliani na jibu hilo hata kidogo.

Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa hapa Nairobi tarehe 1 Mei 1926, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda. Lilikuwa Kombe la Gossage, lililobeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyolidhamini. Mechi iliporudiwa Kenya ikashinda 2-1 na kulitwaa. Kwa miaka mingi nchi hizo mbili zilishindana peke yao, hadi Tanganyika ilipojiunga mwaka 1945 na Zanzibar 1949. Kombe hilo ndilo lililozaa mashindano ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, yaliyoanza kwa jina hilo mwaka 1973. Timu hii basi ni kongwe kuliko taifa huru la Kenya kwa miaka 37.

Wazee wetu waliijua kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni ikisema “Kadenge na mpira” ilifika hata vijiji ambavyo havikuwa na uwanja, na Joe Kadenge mwenyewe, nyota wa timu hiyo aliyefariki Julai 2019, sasa jina lake limepewa uwanja wa City pale Jogoo Road.

Sasa tuitazame rekodi yenyewe. Kenya imefuzu kwa fainali za AFCON mara 6: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Imecheza mechi 17, ikashinda 2, ikatoka sare 4 na kupoteza 11. Ukizisoma takwimu hizo hivyo zilivyo, utakata tamaa. Ila kuna jambo ambalo watu wengi hulipita. Mwaka 1972 fainali zilikuwa na timu 8 tu kutoka bara zima. Mwaka 1988 zilikuwa 8, na 1990 vilevile 8. Mwaka 1992 zikawa 12. Kenya ilifuzu mara tatu mfululizo wakati mlango ulikuwa mwembamba kuliko ulivyo leo. Baadaye nafasi zikaongezwa kuwa 16, na kuanzia 2019 zikawa 24, nasi katika muda wote huo tumeingia mara mbili tu. Mlango ulipopanuliwa, sisi ndio tuliobaki nje. Suala la vipaji haliwezi kueleza hilo, kwani watoto hawakuacha kuzaliwa Kisumu, Mombasa, Kakamega na Eastlands mwaka 1992.

Kilichokuwepo miaka ile ni kikosi kilichokaa pamoja. Klabu za Kenya zilitwaa kombe la klabu la Afrika Mashariki na Kati miaka saba mfululizo, 1979 hadi 1985: Abaluhya, kisha Gor Mahia, kisha AFC Leopards, kisha Gor tena. Wachezaji wa klabu hizo ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu ya taifa iliyochukua ubingwa wa CECAFA mwaka 1981, 1982 na 1983 chini ya kocha Marshall Mulwa, golini akisimama Mahmoud Abbas, yule waliyemwita Kenya One. Mwaka 1987 uwanja wa Kasarani ukafunguliwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika, na Stars wakafika fainali na kufungwa 1-0 na Misri. Mwaka huohuo Gor Mahia wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, sare ya 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi, wakashinda kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Wachezaji walikutana kila wikendi kwenye ligi, wakajuana, na wengi walikuwa na ajira katika kampuni na mashirika yaliyomiliki timu, kwa hiyo hawakulala wakiwaza kodi ya nyumba. Fainali tatu mfululizo zilizofuata zilitokana na hali hiyo.

Kisha mambo yakaanza kukatika, na hapa ndipo ningependa msomaji anifuate kwa makini. Kenya ilikuwa imepewa kuandaa AFCON 1996. Tukanyang’anywa, Afrika Kusini wakaichukua, wakaiandaa na kuishinda. Mwaka 2002 tukarudi kuwa mabingwa wa CECAFA, na Januari 2004 kikosi cha Jacob “Ghost” Mulee kikaenda Tunisia na kupata ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali hizo, 3-0 dhidi ya Burkina Faso, Dennis Oliech akiwa miongoni mwa wafungaji. Kabla mwaka haujafika katikati, Juni 2004, FIFA ikaifungia Kenya. Ikatufungia tena Oktoba 2006 hadi Machi 2007.

Ushindi wa pili ulikuja Cairo tarehe 27 Juni 2019 dhidi ya majirani zetu Tanzania, na mechi ile inastahili kutazamwa upya. Simon Msuva alifunga dakika ya 6. Dakika ya 39 Michael Olunga akajipindua hewani, mgongo chini miguu juu, akasawazisha. Kabla hatujamaliza kushangilia Mbwana Samatta akafunga la pili. Johanna Omollo akasawazisha kwa kichwa kipindi cha pili, na Olunga akamaliza kazi zikiwa zimesalia dakika 10. Timu iliyorudi kutoka nyuma mara mbili kwa namna hiyo si timu isiyo na moyo.

Tukumbuke pia tulivyofika Misri. Tuliilaza Ghana 1-0 Kasarani Septemba 2018, lakini tiketi yenyewe ilithibitishwa baada ya Sierra Leone kuondolewa kundini kwa sababu nchi yao ilikuwa imefungiwa na FIFA. Miaka isiyozidi minne baadaye ikawa zamu yetu. Serikali ilivunja kamati ya shirikisho Novemba 2021, FIFA ikatufungia Februari 2022, na tukaondolewa kwenye mchujo wa AFCON 2023. Kundi letu likabaki na Cameroon, Namibia na Burundi, na Namibia ikafuzu. Wasichana wetu wa Harambee Starlets nao wakaondolewa kwenye mashindano yao bila kosa lolote.

Wananchi wengi hawakuelewa adhabu ile. FIFA hutaka shirikisho liendeshwe na wanachama wake bila serikali kuingiza mkono. Serikali ikishuku wizi wa fedha, kuna wapelelezi na mahakama. Ikiondoa viongozi na kuweka wake, FIFA hufunga mlango, na anayebaki nje ni mchezaji, mwamuzi na klabu.

Viwanja navyo vilituangusha. Juni 2024 tulicheza mechi zetu za “nyumbani” za kufuzu Kombe la Dunia Lilongwe, Malawi, na Septemba mwaka huo ya kufuzu AFCON 2025 Namboole, Uganda.

Ndiyo maana Agosti 2025 ilinigusa sana. Kwenye CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nchi zao pekee, vijana wa kocha Benni McCarthy waliifunga DR Congo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa 10 uwanjani kipindi kizima cha pili. Waliimaliza Zambia 1-0 na kuongoza kundi. Madagascar iliwatoa robo fainali kwa mikwaju ya penalti, na Morocco hiyohiyo ndiyo iliyotwaa kombe. Hakuna siri hapo: wachezaji wa ligi moja, kambi ndefu, uwanja wa nyumbani. Ni hali ileile ya 1987. Kasoro moja ilikuwa yetu mashabiki. Watu walivunja mageti Kasarani, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya wanaoruhusiwa kuingia, na waliokuwa na haki ya kuingia wakatazamia nyumbani.

AFCON 2027 inaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Ryan Ogam, aliyefunga dhidi ya Morocco na Zambia, alihamia Austria mara tu baada ya CHAN, na wengine watamfuata, jambo jema kwao. Kocha atalazimika kuwaunganisha hao na akina Olunga walioko nje na wale waliobaki ligini, kwa siku chache ambazo klabu za ng’ambo huwaachilia. Kwa hiyo anayetaka kujua tutafika wapi aangalie ratiba ya kambi na ya ligi kuu kabla ya kuangalia droo.