Je, wajua kwa nini mpiga saksofoni wa jazz huwa na filimbi pembeni yake?

Ukifika mapema kwenye onyesho la jazz, kabla wanamuziki hawajapanda jukwaani, tazama karibu na kiti cha mpiga saksofoni. Mara nyingi utaona stendi yenye kigingi cha pembeni, na kwenye kigingi hicho imesimamishwa filimbi ndefu ya chuma (flute). Filimbi hiyo ni yake yeye mwenyewe. Katikati ya wimbo ataiacha saksofoni ining'inie shingoni, ainue filimbi, apige ubeti wake, kisha arudie saksofoni bila bendi kusimama.

Kijana anayejifunza muziki kwenye fanfari (bendi ya ala za kupuliza) ya kanisa hapa Lubumbashi, Kongo, ana haki ya kuuliza: kwa nini filimbi, na si tarumbeta? Tarumbeta na saksofoni zote ni za shaba, zote zina sauti ya kujaza uwanja. Filimbi ni bomba jembamba lenye sauti laini. Kwa macho tu, hazina undugu.

Undugu uko kwenye vidole. Saksofoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, naye akapata hataza yake Paris mwaka 1846. Wakati huohuo Theobald Boehm wa Munich alikuwa akiitengeneza upya filimbi: mwaka 1832 alitoa mpangilio mpya wa matundu na vibonyezo, na mwaka 1847 akatoa bomba la mcheduara, yaani lenye upana uleule, ambalo ndilo filimbi za leo zinalifuata. Ala hizi mbili hutoa nota kwa kufunga na kufungua matundu ubavuni mwa bomba. Ndiyo sababu wanamuziki huihesabu saksofoni kati ya ala za mbao, ingawa mwili wake wote ni shaba. Tarumbeta haina matundu ya namna hiyo: ina pistoni tatu, na nota nyingi hutokana na midomo inayotetemeka ndani ya kikombe cha chuma.

Sasa tazama mikono kwa karibu. Kwenye saksofoni, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikibonyeza peke yake unapata si. Ongeza cha kati, unapata la. Ongeza cha pete, unapata sol. Shuka mkono wa kulia: shahada ni fa, cha kati ni mi, cha pete ni re. Chukua filimbi sasa. Si, la, sol, fa, mi, re: vidole ni vilevile, kwa mpangilio uleule. Tofauti ni ndogo. Kwenye filimbi kidole gumba cha kushoto nacho hufunga tundu lake, kidole kidogo cha kulia hubaki kimebonyeza karibu muda wote, na ala yenyewe hushikwa kwa kulazwa kuelekea bega la kulia. Mtu anayejua ngazi zake (nota kwa mfululizo) za saksofoni hahitaji muda mrefu kuzipata kwenye filimbi, kwa upande wa vidole.

Lakini klarineti nayo ina matundu, ina vibonyezo, na hata ina ulimi wa mwanzi, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, sawa na saksofoni. Mbona haiko karibu zaidi? Hapa ndipo fizikia ya bomba inapoingia, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu ya habari yote. Filimbi ni bomba la mcheduara lililo wazi pande zote mbili, kwa sababu tundu la kupulizia nalo huachia hewa. Saksofoni imefungwa upande wa mdomo, ila umbo lake ni la pia, yaani koni: huanza nyembamba shingoni na kupanuka hadi kwenye kengele, mdomo wake mpana. Bomba la pia lililofungwa kwenye ncha yake nyembamba hutetema kwa safu ileile ya sauti kama bomba lililo wazi pande mbili. Kwa hiyo zote mbili, ukizisukuma zipande, huruka oktavu moja kamili, yaani hadi nota ya juu yenye jina lilelile. Klarineti ni mcheduara uliofungwa upande mmoja, nayo hukosa nusu ya sauti hizo: ikipanda hairuki oktavu, huruka hadi nota ya kumi na mbili. Vidole vilivyokupa sol ya chini kwenye saksofoni vitakupa sol ya juu. Kwenye klarineti vidole vya nota ya chini vikirushwa juu hutoa nota yenye jina jingine kabisa, na mpigaji hana budi kujifunza orodha ya pili.

Njia hii ya vidole hupitika pande zote mbili, na ushahidi mzuri uko kusini mwetu. Afrika Kusini, miaka ya 1950, vijana wa mitaani walipiga muziki wa kwela kwa filimbi ndogo ya bati yenye matundu sita. Funga matundu yote sita upate re, inua kidole kimoja upate mi, na kuendelea mpaka si kwa kidole kimoja: vidole vilevile tena. Spokes Mashiyane, aliyekuwa nyota wa filimbi hiyo, alihamia saksofoni mwishoni mwa miaka hiyo, na wengi wakamfuata. Mkono ulikuwa tayari. Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 pamoja na reli iliyotoka kusini, umeunganika na upande ule kwa migodi na treni tangu siku ya kwanza, kwa hiyo habari hii si ya mbali sana na sisi.

Kama ni hivyo, mbona si kila mpiga saksofoni anapiga filimbi vizuri? Kwa sababu ya mdomo.

Kwenye saksofoni unauma beki, yaani kile kipande cha mdomoni, huku mdomo wa chini umekunjwa kidogo juu ya meno, ukishikilia ulimi wa mwanzi usitetemeke ovyo. Ulimi ule ndio unaofanya kazi ya kukata hewa, na hukurudishia ukinzani: unasukuma, nao unakusukuma. Filimbi haina kitu cha kuuma. Chukua chupa tupu ya soda, puliza juu ya mdomo wake mpaka ilie. Hivyo ndivyo filimbi inavyolia. Hewa hutoka kwenye upenyo mdogo wa midomo, hugonga ukingo wa tundu, sehemu yake huingia ndani na sehemu hupotea nje. Hakuna ukinzani, na ndiyo maana anayeanza huishiwa pumzi na kuona kizunguzungu baada ya dakika chache. Kupanda oktavu kwenye saksofoni kuna kibonyezo cha gumba kinachofungua kitundu kidogo. Kwenye filimbi unapanda kwa midomo yenyewe, kwa kuubana upenyo na kuiharakisha hewa. Milimita moja ikikosewa, nota inapasuka au inashuka.

Fikiria sasa mtu aliyemaliza solo ndefu ya saksofoni ya tenor. Mdomo wake wa chini umechoka, una alama za meno kwa ndani, umezoea kubana. Ana mipigo minne ya kubadilisha ala, halafu aanze kwa upole kabisa, na midomo iliyolegea. Filimbi nayo imekaa muda wote kwenye kigingi, imepoa. Bomba likipoa sauti hushuka, kwa sababu mawimbi ya sauti husafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi. Ukimwona ameiinua filimbi na anapulizia hewa ya moto ndani yake bila kutoa sauti, jua anaipasha ili asiingie chini ya wenzake. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai hapa una baridi ya kweli. Katika miezi hiyo ya kiangazi kikavu, ulimi wa mwanzi wa saksofoni nao hukauka na kupinda, kwa hiyo mtu mwenye ala mbili ana maadui wawili usiku mmoja.

Kuna na hesabu ya kichwani. Filimbi imepangwa katika do: ikiandikwa do, inasikika do. Saksofoni ya alto iko katika mi bemoli, yaani ikiandikwa do inasikika mi bemoli, na tenor katika si bemoli. Mpiga gitaa akisema "tunakwenda sol", wa filimbi anapiga sol, wa tenor anafikiri la, wa alto anafikiri mi. Anayebadilisha ala katikati ya wimbo hubadilisha na hesabu hiyo, papo hapo, bila kukosa mpigo.

Kwa nini basi watu wakajitesa hivyo? Mwanzo ilikuwa riziki. Bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa na viti vinne au vitano vya saksofoni, na kiongozi aliyetaka rangi ya filimbi kwenye wimbo mmoja au miwili asingeweza kulipa mtu wa ziada akae kimya usiku kucha. Akampa kazi hiyo mmoja wa wapiga saksofoni. Chama cha wanamuziki cha Marekani kikaweka malipo ya nyongeza kwa anayepiga ala zaidi ya moja, na kwenye kumbi za tamthilia za muziki za New York kitabu cha nota hupangwa kwa kiti: aliyekalia kiti hicho hupiga kila ala iliyoandikwa humo, iwe saksofoni, filimbi au klarineti. Aliyejua moja tu alikosa kazi.

Hata hivyo filimbi ilichelewa kupata heshima kwenye jazz, kwa sababu haikusikika. Mbele ya tarumbeta na ngoma ilimezwa. Maikrofoni nzuri zilipoenea ndipo ikapata nafasi. Frank Wess aliingia kwenye orkestra ya Count Basie mwaka 1953 akiwa mpiga tenor, na solo zake za filimbi katika bendi ile yenye nguvu ziliwaonyesha wengi kwamba ala hii inaweza kuswingi.

Baada yake wakaja watu ambao kwao filimbi haikuwa kazi ya ziada tena. Eric Dolphy, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1928, alikuwa na sauti tatu: alto yenye kuruka kwa hatua ndefu, klarineti ya besi, na filimbi. Alieleza kwamba alipokuwa akifanya mazoezi nyumbani alizoea kupiga pamoja na ndege walioimba nje, na ukisikiliza filimbi yake unaamini. Alifariki Berlin mwezi Juni 1964, siku chache baada ya kutimiza miaka 36. Mimi humweka juu ya wote katika jambo hili, kwa sababu ukifumba macho huwezi kusema ni mpiga saksofoni anayejaribu filimbi. Kila ala ina mawazo yake.

Rahsaan Roland Kirk, kipofu tangu utotoni, alipiga saksofoni tatu kwa pamoja, na kwenye filimbi alikuwa akiimba na kunguruma huku akipuliza, sauti ya koo na ya bomba zikigongana. Alipopata kiharusi mwaka 1975 na upande mmoja kudhoofika, alirekebishiwa ala ili apige kwa mkono mmoja, akaendelea hadi kifo chake mwaka 1977. Charles Lloyd wa Memphis amebeba tenor na filimbi tangu miaka ya 1960. Naye Yusef Lateef, mpiga tenor, filimbi na oboe, katika miaka ya 1980 alikwenda Nigeria, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kule Zaria, akatafiti filimbi ya Wafulani. Huyo alikuwa na zaidi ya miaka 60 na jina kubwa tayari, akakaa chini kujifunza kwa Waafrika wanaochunga ng'ombe na kupuliza mwanzi.

Kwenye rumba yetu ya Kongo jozi iliyosikika miaka ya 1950 ilikuwa saksofoni na klarineti, na Jean Serge Essous, mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, alizimudu zote mbili. Manu Dibango wa Kameruni alifika Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1961 kwa mwaliko wa mwimbaji Joseph Kabasele, akiwa na saksofoni na piano. Filimbi haikupata kiti kikubwa kwenye orkestra hizo, gitaa lilikuwa limeshachukua nafasi ya juu.

Lakini filimbi tunayo, na iko mahali ambapo wapenzi wa jazz hawatazami. Kanisa la Kimbangu, ambalo mwanzilishi wake Simon Kimbangu alifia gerezani hapahapa Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwezi Oktoba 1951, lina fanfari zake na pia vikundi vyake vya wapiga filimbi. Watoto waliovaa kijani na nyeupe hujifunza kupuliza kabla ya kuota ndevu. Mtoto wa namna hiyo akikabidhiwa saksofoni ya kanisa akiwa kijana, amekwisha kuvuka sehemu ngumu: mdomo wa filimbi umejengeka mapema, na vidole vinajua njia.

Kwa anayetoka upande wa pili, kwenye saksofoni kuelekea filimbi, wapigaji wazoefu hushauri mpangilio mmoja wa mazoezi: filimbi kwanza, midomo ikiwa mipya asubuhi, nota ndefu za chini kabla ya ngazi, saksofoni baadaye. Na wiki za mwanzo, kichwa cha filimbi peke yake, bila mwili, mpaka sauti itoke safi kila mara unapopuliza.