Mgomba Usiougua Shambani Huenda Hauna Kinga

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mgomba upi haushikwi na mnyauko wa bakteria? Wengine hunionyesha mmoja uliobaki wima katikati ya shamba lililonyauka, wakasema, kinga si hii hapa! Natamani ingekuwa rahisi hivyo.

Bakteria wa ugonjwa huu, Xanthomonas, huhitaji jeraha ili waingie. Ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, huwapa jeraha hilo bila kukatwa na mtu: majani yake mekundu na maua yaliyokomaa hudondoka na kuacha makovu mabichi yanayotoa utomvu, na nyuki aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa hutua hapohapo. Ipo migomba ambayo majani hayo hayadondoki, hukauka yakiwa yameshikilia. Mgomba wa namna hiyo unakwepa ugonjwa, lakini haukinzani nao. Ukate kwa panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa, utanyauka kama wenzake. Ndiyo maana sisi watafiti hudunga bakteria moja kwa moja kwenye mche, kisha tukasubiri. Kukwepa nako kumo kwenye jeni na kuna faida yake, ila ni shamba gani la migomba lisiloingia panga?

Kwa kipimo hicho, migomba inayolimwa karibu yote huanguka. Unaosimama ni Musa balbisiana, jamaa wa porini mwenye ndizi zilizojaa mbegu ngumu. Kwa mazao mengine tungechavusha tu na kuihamisha kinga hiyo. Lakini migomba mingi inayolimwa ina seti 3 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na seti 3 hazigawanyiki sawasawa kwa 2 wakati wa kutengeneza chavua na mayai. Ndiyo sababu tunakula ndizi zisizo na mbegu, na ndiyo sababu kuzizalisha kwa kuchavusha ni kazi ngumu mno.

Njia moja ni kuazima. Jeni ya Hrap kutoka pilipili hoho hufanya seli zilizovamiwa zijiue upesi, bakteria wakwame humo. Mimi navutiwa zaidi na njia ya pili. Mgomba wenyewe una jeni, DMR6, ambayo kazi yake ni kuituliza kinga. Mwaka 2021 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walieleza jinsi walivyoiharibu kwa CRISPR, zana ya kukata jeni iliyolengwa, katika aina ya ndizi iitwayo Sukali Ndiizi. Miche ikaukinza mnyauko bila kudumaa. Hapa tatizo la seti 3 linarudi kwa sura nyingine: kila seti ina nakala yake ya jeni hiyo, na lazima nakala zote zikatwe, maana inayosalia inaweza kuendelea na kazi yake.

Lakini hiyo ilikuwa miche ndani ya banda. Jeni inayotuliza kinga haikuwekwa pale bure, na mgomba hukaa shambani miaka mingi. Nataka kuuona ukizaa mkungu, kisha machipukizi yake yakizaa, na mikungu hiyo tuipime.