Bolti ya Kumi na Nne Haipo: Dhana Potofu za Wanaotafuta Nati Mombasa

Bolti niliyoitafuta siku mbili kwa jina la 14 haikuwa ya 14. Ilikuwa ya 10. Laiti mtu angeniambia mapema, nisingevuka daraja la Nyali mara nne na jua la saa saba limenikalia utosini.

Gari lenyewe ni Toyota kuukuu, la kubebea mizigo ya duka asubuhi na watoto wa shule jioni. Bolti inayoshika alteneta ilikatika. Fundi, kichwa kikiwa ndani ya boneti, akanipazia sauti: "Kaka, niletee ya kumi na nne!" Nikaenda duka kubwa la hadiwea, lenye kiyoyozi na vitoroli vya kusukuma. Kijana wa pale akaangalia rafu, akaniangalia mimi, akasema: "Kumi na nne hakuna. Kuna kumi na mbili na kumi na sita." Nikachukua za kumi na mbili, nikijipa moyo kwamba tofauti ni ndogo. Pakiti nzima, kwa shida ya bolti moja. Hazikuingia hata ncha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza yanayosemwa kaunta na chini ya miembe ya mafundi. Mengi tunayoyaamini kuhusu bolti na nati si kweli, na ndiyo yanayotufanya tulaumu duka hata pale ambapo duka halina kosa. (Pengine lina kosa pia. Tutafika.)

"Spana ni ya 14, basi bolti ni ya 14"

Hapa ndipo wengi tunapopotelea, na mafundi ndio wanaotupoteza bila kukusudia. Fundi huiita bolti kwa jina la spana inayoifungua, maana mkononi mwake ana spana, hana rula. Muuza duka huiita kwa unene wa mwili wake kwenye uzi, ile mistari inayouzunguka, au thredi kama wasemavyo gereji. Bolti iliyoandikwa M10 ina unene wa milimita 10 ukipima juu ya uzi. Kichwa chake ni habari nyingine kabisa.

Tena kichwa hicho hakina saizi moja duniani. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo yamejaa barabara zetu tangu yaliposhushwa Kilindini, hupenda vichwa vidogo: M8 hufunguliwa kwa spana ya 12, M10 kwa 14, M12 kwa 17. Bolti za kawaida za hadiwea hufuata vipimo vya Kijerumani: M8 hutumia spana ya 13, M10 hutumia 17, M12 hutumia 19. Ziko pia za vipimo vipya vya kimataifa ambazo M10 yake hutaka spana ya 16 na M12 hutaka 18.

Sasa tazama mtego ulipo. Ukisema "bolti ya kumi na saba", fundi wa Toyota anawaza M12 na muuza hadiwea aliyezoea vichwa anawaza M10. Kila mmoja yuko sawa kwake, na wewe ndiye utakayelipa nauli ya matatu. Miongoni mwa chache zinazopatana kwa wote ni M6, ambayo kwa kawaida ni spana ya 10 kwa Mjapani na kwa Mjerumani. Ndiyo sababu spana ya kumi haikai kwenye sanduku la fundi yeyote. Kila mtu anaiazima.

"M10 ni M10, muradi unene ni ule ule"

Siku ya pili nilirudi dukani nikiwa mjanja. Nilipima kwa vania, kile kifaa cha kupimia unene, nikaomba M10, nikaipata. Iliingia mizunguko miwili ikagoma. Nikaongeza nguvu kwa spana. Sitaeleza zaidi, ila nitasema kwamba tundu lilikula uzi na fundi hakunisemesha kwa robo saa.

Bolti ina namba ya pili ambayo watu hawaiulizi: umbali kutoka mstari mmoja wa uzi hadi unaofuata. M10 ya hadiwea huwa na milimita 1.5. M10 ya Toyota mara nyingi ni 1.25, uzi mwembamba zaidi. Kwa macho huwezi kuziona tofauti ukiwa umesimama. Kwa M8 una bahati, kwa kuwa uzi wa kawaida wa hadiwea na ule wa magari mengi ya Kijapani ni 1.25 zote mbili. Kwa hiyo mtu akifanikiwa mara tatu na M8, anaamini amejua, kisha M10 inamwumbua.

Njia ya bure ya kuzijua ni hii. Chukua bolti ya zamani, uilaze ubavu kwa ubavu na ile mpya, uzi kwa uzi, uziinue kwenye mwanga. Zikiumana bila mwanga kupita katikati, ni ndugu. Zikianza kuumana halafu zikaachana mbele kidogo, zirudishe. Na nati inayofaa huzunguka kwa vidole mpaka mwisho. Kama unahitaji spana kabla haijagusa chuma inachokibana, simama.

Hili si la usumbufu peke yake. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo ni M12 yenye uzi wa 1.5, na za Nissan, Suzuki na Subaru nyingi ni M12 yenye uzi wa 1.25. Unene mmoja, na mara nyingi spana moja. Nati ya gari moja ukiipachika kwenye jingine itashika kidogo, na kijana mwenye misuli ataimaliza kwa spana ya magurudumu. Itaonekana imekaza. Tairi linashikwa na nyuzi mbili zilizojeruhiwa, na ukifika mteremko wa Mazeras huna wa kumlaumu.

"Inchi ni mambo ya zamani, siku hizi kila kitu ni milimita"

Ingia kwa fundi bomba useme hivyo. Mabomba ya maji ya chuma bado yanaitwa nusu inchi na robo tatu, na hata hiyo nusu inchi si nusu inchi. Chukua rula upime uzi wa nje wa bomba la chuma la nusu inchi: utapata karibu milimita 21, na nusu inchi ni 12.7. Jina lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya zamani, likabaki hata kuta za bomba zilipobadilika. Kwa hiyo anayepima nje ya bomba akaenda kuomba koki ya "inchi moja kasoro" atazungushwa mchana kutwa.

Mashine nazo hazikufa. Mji huu wa bandari una mashine za Kiingereza zilizotangulia wajukuu wa waliozifunga, na nyingi zina uzi wa Whitworth, uliopangwa na Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Pembe ya uzi wake ni digrii 55, wakati uzi wa milimita na wa Kimarekani ni digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina mistari 12 kwa kila inchi, na ya Kimarekani ya uzi mpana, wenye mistari iliyoachana zaidi, ina 13. Halafu kuna 5/16 ya inchi, ambayo ni milimita 7.94. Imesogea mno karibu na M8. Kwenye boksi la dukani zikichanganyika, hata mwenye miaka ishirini kaunta anaweza kukupa moja kwa nyingine.

"Inayong'aa haishiki kutu"

Mtu wa bara anaweza kuishi na dhana hii. Mtu wa Mombasa, hasa aliye na geti linaloangalia bahari, atalia kabla ya msimu kuisha. Bolti nyingi zinazong'aa ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki nyembamba kama rangi ya kucha. Upepo wa kusi ukileta chumvi, zinki huliwa kwanza na chuma hufuata.

Stenlesi ya kweli husema yenyewe kichwani: A2 au A4, kwa kawaida ikifuatwa na namba kama 70. A2 inafaa jikoni na ndani ya nyumba. Karibu na maji ya bahari hutoa madoa ya rangi ya chai na vishimo. A4 ina molibdeni, madini yanayoisaidia kustahimili chumvi, na ndiyo ya boti. Wengine hupima kwa sumaku, na kipimo hicho kina ukweli nusu: ikivutwa kwa nguvu huenda ni chuma cha kawaida, lakini ikivutwa kidogo tu usimwite muuzaji mwizi, kwani stenlesi ikifinyangwa baridi kutengenezwa bolti hupata usumaku kidogo. Na ukifunga nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi, paka grisi, ama zitashikana katikati ya njia zisiende mbele wala nyuma.

Zipo pia zile za kijivu zisizong'aa, zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Hizo huvumilia pwani vizuri kwa bei nafuu. Ila tabaka lake ni nene, kwa hiyo tundu la nati zake hukatwa kubwa kidogo. Ukiinunua bolti ya kijivu na nati inayong'aa, hazitaingiana ingawa zote zimeandikwa M12. Watu hudhani ni mbovu. Zinahitaji tu kununuliwa pamoja.

"Duka kubwa lina kila kitu"

Lina vingi vya aina chache. Huweka uzi mpana wa saizi zinazotoka haraka, zilizofungwa kumi kumi, na lina sababu: bolti moja ya shilingi chache haimlipi aliyesimama kuitafuta. Uzi mwembamba utaupata kwa wauza spea za magari. A4 ulizia kwa wanaotengeneza boti.

Lakini kosa la duka ni boksi. Mteja anatoa M8, anaijaribu, haifai, anairusha boksi la jirani. Jioni boksi la M8 lina ukoo mzima. Lebo inasema kweli na kilichomo kinasema uongo, na hakuna mfanyakazi aliyepewa kazi ya kuzitenga. Kisha bolti ziko safu ya tatu na nati zake ziko safu ya saba, kana kwamba zimepeana talaka. Usiondoke na bolti bila kuipandisha nati hapo hapo, hata kama mlinzi anakutazama vibaya.

"Ikiwa ndefu, nitakata"

Urefu hupimwa kuanzia chini ya kichwa; zile za kichwa cha kuzama ndizo hupimwa zote. Na bolti ndefu mara nyingi haina uzi mwili mzima, kwa hiyo ukiikata unaweza kuwa umekata uzi wenyewe na kubaki na msumari wenye kichwa.

Yangu niliipata hatimaye kwa mzee anayevunja magari mabovu, ndani ya kopo la mafuta lililojaa vichwa vya 14. Hakuuliza namba. Aliuliza, "Ya gari gani, mwanangu?" Ilikuwa ndefu kidogo. Akaangalia kwanza uzi unaishia wapi, akapandisha nati mpaka juu, akaikata kwa msumeno wa chuma, akapiga tupa ncha, kisha akaifungua ile nati ipite pale alipokata na kuunyoosha uzi. Shilingi thelathini, na nati akaniachia.