Je, wajua? Kosa la "mali isiyoelezeka" huishia mpakani

Afisa wa serikali ametorokea nje. Nyumbani anashtakiwa kwa kumiliki mali isiyolingana na mshahara wake, lakini nchi aliyokimbilia imekataa kumrejesha. Watu husema papo hapo: huko nako kuna aliyehongwa. Huenda. Ila mara nyingi kikwazo ni sharti la jinai ya pande mbili: alichotenda kiwe jinai nyumbani na ugenini, aghalabu chenye kifungo cha kuanzia mwaka mmoja.

Hata wanaolijua sharti hili hulikosea. Hudhani lazima majina ya makosa yafanane. La. Ibara ya 43 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliopitishwa 2003, inasema kinachopimwa ni tendo, hata kama sheria zimelipa majina tofauti. Ni kama chupa: bandua lebo, onja kilichomo. Lebo imeandikwa "matumizi mabaya ya ofisi", lakini ndani mna afisa aliyepokea fedha ili atoe zabuni. Hakimu wa ugenini anaitambua ladha hiyo; kwao ni hongo. Chupa inapita.

Tabu ni chupa isiyo na kitu ndani. Kosa la mali isiyoelezeka lilitungwa makusudi ili mwendesha mashtaka asilazimike kuthibitisha nani alimhonga nani: anaonyesha mshahara, anaonyesha majumba, kisha mshtakiwa aeleze tofauti. Urahisi huohuo ndio unaoliponza: halitaji tendo la hongo au wizi ambalo hakimu wa ugenini angelipima. Marekani haina kosa hilo, na ibara ya 20 ya mkataba inazitaka nchi zilifikirie tu. Zipo nchi zinazoweza kulegeza sharti, zikitaka.

Kwa hiyo ombi hujengwa juu ya matendo: tarehe, akaunti, zabuni, aliyelipa. Shtaka la utakatishaji fedha nalo husaidia, mradi fedha zitokane na hongo au ubadhirifu. Zikitokana na "mali isiyoelezeka", tumerudi kwenye chupa tupu.

Na akishapatikana, hashtakiwi kwa lolote lile la zamani, bali kwa yale tu yaliyoidhinishwa. Chile ilipomrejesha Alberto Fujimori, rais wa zamani wa Peru, mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya Chile ilitaja kesi zilizoruhusiwa. Kwa nyingine, Peru ililazimika kurudi Chile kuomba nyongeza ya ruhusa, ilhali mtu mwenyewe alikuwa tayari gerezani Lima.