Stringi haibadiliki: unapewa mpya

Kijana anayejifunza kazi ya kuandika programu ofisini kwetu, Area D hapa Dodoma, aliniita juzi. "Kaka, nimeikata hii nafasi lakini bado ipo." Alikuwa anatengeneza ukurasa wa kupokea zabibu, na mkulima mmoja wa Hombolo akawa haonekani kwenye orodha ya kijiji chake. Aliyeingiza taarifa kwa simu aliacha nafasi mwishoni: "Hombolo ". Kijana akaandika hivi:

kijiji.trim();

Mstari wenyewe hauna kosa, ila haukusaidia kitu. Kwenye JavaScript, stringi, yaani maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu, ikishaundwa haibadiliki. trim() haifuti nafasi kwenye stringi uliyonayo. Inakutengenezea nyingine isiyo na nafasi na kukukabidhi, na yeye hakuipokea. Ni kama risiti ya EFD: ikishatoka huwezi kuikwangua tarakimu, unatoa nyingine. Alitakiwa kuandika:

kijiji = kijiji.trim();

Hapo ndipo wengi hukwama, maana wanaona kijiji "kimebadilika". Kilichobadilika ni kigeu, yaani lile jina linaloshika thamani, ambacho sasa kimeshika stringi nyingine. Chukua jina la zamani la mji wetu:

let mji = "Idodomya";
mji[0] = "D";

Ukiiuliza mji, bado ni "Idodomya", na hukuonywa. Ukiwa umewasha hali ya ukali (strict mode), angalau unapata ujumbe wa kosa, TypeError. Mimi naona kelele ni bora kuliko kimya kile. Lakini ukiandika mji = "Dodoma", inakubali bila ubishi: kigeu kimeiacha ya kwanza, nayo ikikosa mwenyewe itafagiliwa kwenye kumbukumbu.

Sasa trim() yenyewe inakaa wapi? Haimo ndani ya stringi. Ukiiita, JavaScript huenda kuitafuta kwenye String.prototype, prototaipu moja, yaani kisima cha pamoja cha fanksheni (amri zenye jina kama trim), inayotumiwa na stringi zote za ukurasa. Kijana aliposikia hivyo macho yakamng'aa, akaandika:

String.prototype.safisha = function () {
  return this.trim().toLowerCase();
};

Na kweli, "Hombolo ".safisha() ikampa "hombolo". Tamu, siwezi kukataa. Tatizo ni kwamba kisima hicho si chake peke yake. Maktaba nyingine, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, kwenye ukurasa huohuo ikileta safisha yake, itakayopakiwa mwisho ndiyo itakayoshinda, na msimbo wa mwenzake utaanza kutoa majibu ya ajabu. Tena ukizungusha for...in, kitanzi kinachopitia majina yote, juu ya stringi, baada ya namba za herufi, 0, 1, 2, utakutana na neno "safisha" limejipanga foleni na namba.

Madhara yake yamewahi kuifikia lugha yenyewe. Maktaba ya MooTools ilikuwa imeongeza flatten kwenye prototaipu ya orodha, ile Array. Mwaka 2018, kamati ya TC39 inayosimamia lugha hii ilipotaka jina hilohilo, ikaonekana tovuti za zamani zingevunjika. Ndiyo maana leo tunaandika flat, iliyoingia rasmi 2019. Kabla ya hapo contains nayo ilikwama kwa sababu ya maktaba hiyohiyo, ikazaliwa includes.

Kuna pahali naruhusu kuigusa prototaipu: kuziba pengo la kivinjari cha zamani. Internet Explorer 8 haikuwa na trim, hivyo watu walikagua kwanza kama ipo, na ikikosekana wakaiongeza ifanye kazi vilevile kama ile rasmi. Kubuni jina lako mwenyewe ni habari nyingine.

Tukaifuta safisha pale, tukaiandika kama fanksheni ya kawaida, safisha(kijiji), inayokaa kwenye faili letu. Mkulima wa Hombolo akarudi kwenye orodha. Akabaki nje mwingine mmoja, ambaye kijiji chake kiliandikwa "Ombolo". Huyo trim() haimwezi.