Usingizi Unapopotea Ukiwa kwenye Dawa za Sonona: Maana Yake na la Kufanya

Mgonjwa wa sonona akisema "hizi dawa zimeninyima usingizi", huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu. La kwanza ni sonona yenyewe: analala vizuri saa nne usiku, halafu saa tisa usiku macho yamekauka na mawazo yanazunguka mpaka adhana. La pili ni dawa: tangu aanze vidonge, usingizi unakuja saa saba badala ya saa nne, au unakuja mwepesi, umejaa ndoto kali. La tatu ni dozi zilizorukwa: vidonge vimekatika siku kadhaa, naye anashtuka usiku, anatoka jasho, kichwa kinazunguka.

Kukosa usingizi kunakoletwa na dawa ni hilo la pili peke yake. Inafaa kuyatenganisha kwa kuwa kila moja lina suluhisho lake. Wa kwanza aendelee kumeza, maana sonona huchukua wiki 2 hadi 6 kuanza kulegea, na ule usingizi wa alfajiri hurudi pamoja na nafuu. Wa tatu arudie kumeza bila kuruka, na kama amekatisha kwa muda mrefu aulize kwanza kliniki aanze na kiasi gani. Wa pili aangalie saa anayomezea.

Dawa kama fluoksetini na setralini huacha serotonini, kemikali ya kupelekea ujumbe, nyingi zaidi kati ya seli za ubongo. Serotonini hiyo hiyo inayoinua moyo pia huamsha, tena hupunguza muda wa usingizi wa ndoto. Kwa watu wengi usumbufu huu hupungua wiki chache baada ya kuanza.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye bahasha ya dawa. Imeandikwa "1 x 1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Saa haikuandikwa. Mgonjwa anameza baada ya chakula cha usiku kwa sababu ndipo anapopata nafasi, na chakula chenyewe Uganda huliwa saa tatu au saa nne. Fluoksetini ya miligramu 20 inafaa kumezwa asubuhi na chai. Kuihamisha ni rahisi kwa kuwa haitoki mwilini haraka: ukimeza Jumatatu usiku, acha Jumanne, meza Jumatano asubuhi, kisha endelea kila asubuhi. Usitegemee mabadiliko usiku huohuo. Dawa inayokaa mwilini siku nyingi haijali sana saa, kwa hiyo jipe wiki mbili. Hesabu hii usiifanyie venlafaksini wala paroksetini, ambazo nazo ni dawa za sonona. Hizo hutoka haraka, na pengo la siku moja na nusu laweza kukuletea lile tatizo la tatu.

Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ni kinyume chake. Inazuia histamini, kemikali inayouweka ubongo macho, kama Piriton, ile dawa ya mzio, inavyofanya, ndiyo maana inasinziisha. Humezwa usiku, na shida yake ni asubuhi: kichwa kizito, mdomo mkavu, miguu inayokokota. Mwendesha boda anayemeza saa tano usiku na kuwasha pikipiki saa kumi na mbili asubuhi yuko hatarini. Ameze saa mbili usiku. Kama uzito bado upo mpaka saa nne asubuhi, dozi inahitaji kuangaliwa upya na aliyeiandika. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: kidonge kimoja cha miligramu 25 kinaweza kukulaza fofofo huku sonona ikibaki palepale, kwa kuwa dozi ya kutibu sonona kwa kawaida hufika miligramu 75 au zaidi, na hupandishwa polepole. Kulala si ushahidi kwamba umepona.

Chai nayo ina sehemu yake. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya takriban saa 5, kwa hiyo kikombe kizito cha saa kumi na moja jioni bado kinafanya kazi saa nne usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu na mairungi (miraa) ni vibaya zaidi. Waragi, ile pombe kali, hulaza haraka, halafu humwamsha mtu usiku wa manane. Ikikutana na amitriptilini, mtu anaweza kulegea hata asiamshike. Kwa wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, hiyo pia huweza kukatiza usingizi. Ikimezwa asubuhi mara nyingi huwa afadhali.

Kitandani, kanuni ni chache. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Usilipie deni kwa kulala mchana. Ukiona zimepita kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani. Kwa anayeishi muzigo wa Kampala, chumba kimoja ambacho kitanda ndicho kiti, ushauri huu huonekana wa matajiri. Mkeka kando ya ukuta unatosha: kaa hapo, taa hafifu, simu mbali, rudi kitandani macho yakianza kufunga.

Usijiongezee Piriton juu ya amitriptilini. Zote mbili hukausha mwili, na mzee anaweza kuchanganyikiwa au kushindwa kukojoa. Diazepamu (dawa ya kutuliza na kulaza) ya kununua dukani hujenga mazoea ndani ya wiki chache. Miguu ikikuwasha kwa ndani usiku mpaka lazima uitembeze, hiyo si kukosa usingizi kwa kawaida: omba upimwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma huizidisha.

Kuna ishara mbili zisizosubiri tarehe ya kliniki. Moja ni kulala kwa muda wa saa 3 tu na kuamka na nguvu tele, maneno mengi, mipango mikubwa na matumizi ya ovyo. Dawa inaweza kuwa imeamsha ugonjwa wa namna nyingine, ule wa hisia kupanda na kushuka (bipolar). Nyingine ni kuhangaika kusikotulia au fikra za kujiua, hasa kwa vijana chini ya miaka 25 katika wiki za mwanzo. Nenda siku hiyohiyo kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, kama uko karibu na Kampala.

Halafu kuna siku ambayo fluoksetini imeisha kituoni na unapewa amitriptilini badala yake. Fluoksetini huzuia ini kuivunja amitriptilini, na athari hiyo hudumu wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, hivyo dozi ya kawaida inaweza kukupiga kama dozi maradufu. Andika tarehe ya kidonge chako cha mwisho nyuma ya bahasha, umwonyeshe mhudumu kabla hajakuhesabia vidonge vipya.